Mwenye Gita Akae

Zamani mtu akipeleka gita kwa fundi alikaa nalo mpaka litoke, kama aliyempeleka mama yake kwa daktari. Siku hizi analiegemeza mlangoni na kuondoka huku anaongea na simu, na kesho ukimuuliza huyo mtu fundi wake anafananaje, hajui.

Haya sikuyasoma mahali. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilipanga chumba kimoja na fundi wa magita, tumetenganishwa na plaiwudi isiyofika darini. Upande wangu palikuwa na mashine ya kuchapia na makasha ya herufi za risasi. Upande wake palikuwa na meza ya useremala, kiti kimoja cha wateja, na magita yaliyoning'inizwa ukutani kwa shingo. Mimi akikohoa nilisikia, yeye nikitukana herufi iliyoanguka alisikia. Sikupata shule ya maana. Elimu yangu niliiokota humo humo kwenye kazi, nikisoma kila nilichopewa kupanga, kuanzia katiba za vyama vya mazishi hadi maelezo ya dawa ya minyoo. Sasa mashine imekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mimi nachonga mihuri ya mpira kwa maofisi ambayo nayo yanazidi kuisahau. Lakini sikukaa kuandika habari zangu. Naandika habari za jirani yangu, kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika.

Watu walimwita Msasa. Alikuwa mrefu, amekondeana, mabega yameinama mbele kwa kuinamia meza, na kope zake muda wote zilikuwa na vumbi la mbao, kama mtu aliyetoka kusaga unga. Alianza kama seremala wa vitanda na majeneza. Wazazi wake walikufa mapema wakamwachia mdogo wake wa kiume amlee, naye akamlea kwa hayo majeneza. Huyo mdogo wake ndiye aliyekuja kuwa mpiga gita, na gita ndilo lililomtoa Msasa kwenye vitanda. Kwanza alimnyooshea mdogo wake shingo ya gita iliyopinda. Kisha wenzake wa bendi wakaleta ya kwao. Mwisho majeneza yakamsahau.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kusafisha ule ubao wa shingoni, unapokanyagwa na vidole. Asiyepiga gita hajui uchafu unaokaa pale. Jasho, mafuta ya nywele, vumbi la ukumbi, vyote vinagandamana kando ya vile vyuma vyembamba vilivyolala kukatiza ubao, mpaka vinafanya ukoko kama wa chini ya sufuria. Chini ya ukoko, mbao yenyewe ina kiu. Inageuka kijivu na kupasuka kama kisigino. Msasa alilegeza nyuzi, akazitoa, akaziba tundu la gita kwa karatasi. Alikwangua ukoko kwa kipande cha plastiki, siyo kwa kisu, akapita na mswaki wa zamani, kisha kitambaa kilichonusishwa tu mafuta ya taa. Maji hayakuruhusiwa kusogea. Vyuma alivisugua kwa nyuzi za chuma zile zile za kuoshea masufuria, lakini laini, akifuata mbao inakoelekea. Mwisho kabisa alitia matone ya mafuta ya cherehani, mepesi, yasiyonata, akayaeneza kwa kidole, na kabla hujakaa sawa ameshayafuta.

Na alikuwa na sharti moja. Hakusafisha ubao wa mtu kama mwenyewe hayupo. Aliniomba nimchapie tangazo, nikampangia kwa herufi kubwa za mbao, zile za mabango ya dansi: MWENYE GITA AKAE. Alilibandika juu ya meza. Mteja alikaa kwenye kile kiti, akaombwa kwanza apige kidogo, gita likiwa chafu hivyo hivyo, na Msasa akatazama vidole vyake vinakanyaga wapi. Kisha kazi inaanza, na kila baada ya hatua anainua kichwa: "Niendelee?"

"Endelea, Msasa, kwani unanikata mguu?" walimwambia.

"Nimeuliza tu."

Wakubwa walimvumilia. Vijana wa sasa walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mzee, mimi nikimpelekea dobi nguo sikai nikimtazama anavyofua." Msasa akalitoa gita la kijana huyo ukutani, akampa. "Basi mpelekee dobi." Hivyo ndivyo alivyowapoteza wengi. Nami nilimwambia mara nyingi kwamba sharti lake linamfukuzia kazi, akanijibu kwamba afadhali akose kazi. Hakunieleza zaidi. Hakuwa na haja, maana nilikuwepo siku sharti lile lilipozaliwa.

Mdogo wake aliitwa Sukari. Jina hilo alipewa na watu wa dansi, na siku hizo lilimstahili. Alikuwa na gita moja tu maishani mwake, na mpaka siku hiyo ubao wake ulikuwa haujasafishwa hata mara moja. Hakutaka. Aliamini kwa dhati kwamba utamu wa gita umo ndani ya ule ukoko. "Hapa," alikuwa akisema akiugusa kwa ukucha, "hapa kuna kila wimbo niliopiga. Ukiukwangua, umeniibia." Wapiga magita wengi walikuwa na imani hiyo, na mimi sikuwacheka, maana hata sisi wachapaji tulikuwa na imani zetu juu ya wino.

Kulikuwa na dansi la Jumapili alasiri katika ukumbi wa wafanyakazi, kubwa kuliko yote ya mwaka ule. Mabango niliyachapa mimi mwenyewe. Bendi ilikuwa inatafuta nani atabaki kwenye gita la kwanza na nani arudi nyuma, na kila mtu alijua kiti hicho ni cha Sukari. Msasa alitaka mdogo wake apande jukwaani na chombo kinachong'aa. Jumamosi, Sukari alipolala mchana baada ya mazoezi, kaka yake alilichukua gita taratibu chini ya kitanda, akaenda nalo kwenye karakana na kuusafisha ubao wote mpaka mbao nyeusi ikaonekana. Kisha akaupaka mafuta ya kitani, yale ya kupaka milango, kwa kuwa siku hizo bado alikuwa mtu wa vitanda na ndiyo aliyoyajua. Akapaka mengi. Mvua ilikuwa inanyesha na hewa ilikuwa nzito. Mafuta hayo hukauka polepole, na yakiwa yanakauka hunata kama ulimbo wa kunasia ndege.

Sukari alipiga nyimbo mbili. Nilikuwa nimesimama karibu na jukwaa, nikaona vidole vinakanyaga lakini haviondoki kwa wakati, nyuzi zinakwama, sauti inakufa kabla ya kuzaliwa. Watu kwanza walinyamaza kwa heshima. Kisha mmoja akapaza sauti, "Sukari imeloa maji leo!" na ukumbi mzima ukacheka. Mkuu wa bendi alimwita mwingine. Msasa alikuwa amekaa safu ya mbele na koti lake la harusi.

Wiki iliyofuata Sukari alirudishwa nyuma, baadaye akaachwa kabisa. Alienda kuwa mlinda ghala, akawa mlinda ghala mpaka alipozeeka. Alimwambia kaka yake neno moja tu, pale pale nje ya ukumbi, "Umenikwangua." Tangu hapo hawakusemezana. Watu wa tumbo moja, mji mmoja, wanapishana barabarani kama wadai wa kesi. Mke wa Msasa alipofariki, Sukari alikuja makaburini, akatupa udongo wake, akaondoka bila kumshika kaka yake mkono. Salamu zilipita kwa mke wa Sukari, ambaye alikuwa akitupitia dukani akienda sokoni. "Shemeji hujambo? Mwenzio naye yupo." Ndiyo yote.

Sasa nifike mwisho, maana nachoka hata kuandika.

Mwaka huu Msasa alianza kushindwa. Macho yalimfifia, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa mji mwingine, na binti huyo alitaka baba yake aache kazi akaishi kwake. Alimpigia karibu kila siku, kwa sauti kubwa ambayo plaiwudi haikuizuia.

"Baba, nani atakupikia huko?"

"Najipikia."

"Juzi umeunguza sufuria."

"Nani kakwambia?"

"Huyo jirani yako wa mihuri."

"Aa, huyo mdomo wake hauna mfuniko," alisema, na alihakikisha nasikia.

Mwishowe alikubali. Mwenye nyumba naye alikuwa amekwisha kuwapa chumba chetu watu wa simu, walioanza kupima kuta tukiwa bado tumo ndani, wakatuzunguka kwa futi zao kana kwamba sisi ni makabati. Msasa aligawa mbao zake. Magita ya watu yalichukuliwa. Patasi na misumeno ikaingia kwenye sanduku. Ukutani lilibaki tangazo langu, na chini yake kile kiti.

Asubuhi moja akaingia mke wa Sukari, amebeba kitu kirefu kilichofungwa shuka. Alikaa kabla ya kukaribishwa. Ni mama mwenye mwili na mdomo mwepesi, lakini siku hiyo alikuwa kama mtu aliyekesha hospitalini.

"Shemeji, nimekuletea mgonjwa."

Msasa alilitambua kabla halijafunguliwa. Akaifuta mikono kwenye suruali.

"Anajua umelileta?"

"Yuko kliniki. Akirudi atajua."

"Basi lirudishe, shemeji."

"Nisikilize kwanza!" Akaivuta shuka. "Tazama shuka hii. Hiyo ni damu, shemeji. Kila jioni anakaa kitandani anapiga hili gita, anapiga na mkono unachuruzika, na hana habari. Mpaka niingie na taa nimwambie, we mzee, unavuja. Ile sukari imemla vidole. Hasikii kitu. Hata nikimchoma kwa sindano anasema, umeanza lini?" Alicheka kidogo, cheko la kuchoka. "Sukari kapatwa na sukari. Mtaa mzima wanasema hivyo, wanafikiri wao ndio wa kwanza."

Msasa alipitisha kiganja pembeni mwa shingo ya gita na kukiondoa haraka. Mimi nami nilipita upande wake nikagusa. Mbao ilikuwa imekauka hata ikasinyaa, na ncha za vile vyuma zilikuwa zimetokeza nje kama meno ya msumeno.

"Daktari kasemaje?" niliuliza.

"Kasema kidonda kingine kikikataa kupona, wanaondoa kidole. Labda na mkono. Nimemwambia aache kupiga, kanitazama kama nimemwambia aache kupumua. Nimesema nitalichoma moto. Halafu nikafikiri, nina shemeji fundi, kwa nini nichome?" Akageuka kwa Msasa. "Lisafishe, litie mafuta, kata hayo meno. Nalirudisha chini ya kitanda, hatajua nani kafanya."

"Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza," alisema Msasa.

"Ile ilikuwa zamani!"

"Hata. Nililitoa chini ya kitanda vile vile." Akainua kidole juu, bila kutazama, kuelekea lile tangazo. "Aje akae."

"Hatakuja, shemeji, na wewe unajua hatakuja! Kichwa chake na chako vimechongwa kwenye gogo moja!"

"Basi lenyewe litakaa. Liache hapa. Mwambie liko wapi."

Mama alisimama. Alimtazama, akanitazama mimi kana kwamba ningesema kitu, akaikunja ile shuka yenye damu akaitia kwapani. "Nyie wanaume," alisema mlangoni, "mtakufa nyote mkiwa mmenyooka."

Siku hiyo na zilizofuata zilikuwa nzito. Gita lilining'inia peke yake kwenye ukuta mtupu. Binti alipiga kuuliza kwa nini baba yake hajafika. Gari aliloliagiza limekuja limeondoka bure. Msasa alimwambia anasubiri mteja. "Mteja gani, Baba, na umeshafunga kazi?" Akamjibu, "Wa mwisho." Hakumwambia ni nani. Wale vijana wa simu walikuja kuuliza lini anatoka, naye akawaambia hivyo hivyo, anasubiri mteja, nao wakatazamana kama watu wanaotazama mzee aliyepotewa na akili.

Mara nyingine nilimwona ameliteremsha gita na kuliweka mezani, amefungua kichupa cha mafuta ya cherehani, ameshika kitambaa. Anakaa hivyo. Kisha anakifunga kichupa.

"Msasa," nilimwambia kupitia juu ya plaiwudi, "jambo la nusu saa. Likate meno, mtu asikatwe mkono kwa ajili ya sharti lako."

"Bila gita hapigi. Asipopiga hakatwi. Mkono unapona huku tukimngoja."

"Na asipokuja?"

Nikamsikia anakohoa. Nilielewa hapo kwamba alikuwa amefikiri kuliko nilivyodhani, na kwamba hilo la mwisho ndilo hakuwa amelifikia, au alikuwa amelifikia na halikuwa na jibu. Angeondoka kwenda kwa binti, gita likabaki kwangu, na mambo yao yakaishia hapo, kwenye ukuta wa watu wa simu.

Sukari alikuja mchana wa jua kali. Nilisikia fimbo barazani kabla ya kumwona. Alikuwa amenenepa, kisha amekonda ndani ya ule unene, ngozi imebaki inaning'inia. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na plasta, lakini zilikuwa kavu na safi. Alisimama mlangoni akihema.

"Fundi," alisema. Hakusema kaka. "Nimefuata gita langu."

"Kaa."

"Sikuja kukaa."

"Kusoma umesahau?"

Sukari akalitazama tangazo. "Nani aliandika upuuzi huu?"

"Mimi," nilisema kutoka upande wangu.

"Na wewe bado uko hai?"

"Nahangaika tu."

Naamini alikaa kwa sababu ya miguu. Ametembea kutoka kituoni na hakukuwa na kitu kingine cha kukalia. Lakini alikaa. Msasa aliliteremsha gita akampa magotini.

"Piga."

"Kwani ujana wetu wote hukulisikia?"

"Piga kidogo, nione unakanyaga wapi."

Akapiga. Sitasema alipiga vizuri. Vidole vilikuwa kama vya mtu aliyevaa glavu, vinatafuta nyuzi kwa macho. Lakini mahali pamoja, katikati ya wimbo wa zamani, mkono ulikumbuka wenyewe ukateremka mahali pake, na nyuma ya plaiwudi mimi niliacha muhuri niliokuwa nachonga. Kisha akakosea tena, akaacha.

"Basi," alisema Msasa. "Lete."

Alitoa nyuzi. Mkono ule wa kutetemeka ulimpa taabu kwenye kila kirungu cha kukazia nyuzi. Alipochukua tupa akate meno ya vyuma, tupa ilicheza juu ya mbao kama panya.

"Unatetemeka, fundi."

"Naona."

"Hapana, huoni pia. Umeshika upande usio wenyewe."

Nikasimama kwenye kiti changu nikachungulia, na wala sioni aibu kusema hivyo. Msasa alikuwa amempa mdogo wake ile tupa.

"Basi kata wewe."

"Mimi sisikii vidole. Nitajuaje yamekwisha?"

"Wewe kata, mimi nitapapasa."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Mmoja aliona na hakusikia kwa vidole, mwingine alisikia kwa vidole na hakuona. Sukari alisugua, Msasa akapitisha kidole. "Bado." Akasugua. "Bado, hapa." "Hapo nimepita!" "Umepita unaangalia pembeni." Walibishana juu ya kila chuma, kuanzia juu hadi chini, na kwa sauti zile ungedhani ni wazee wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Kisha ukaja ukoko. Tangu ile Jumapili ulikuwa umerudi wote, mweusi, wa maisha mazima ya mlinda ghala. Sukari alichukua kile kipande cha plastiki lakini hakukwangua.

"Niendelee?" aliuliza Msasa.

"Si mimi ninayekwangua? Unaniuliza nini?"

"Nauliza tu."

Sukari akakwangua. Vipande vilianguka kwenye kitambaa. Alivitazama muda. "Utamu wote huu," alisema.

"Uchafu."

"Wewe siku zote unasema uchafu."

"Uchafu haukuwa na kosa," alisema Msasa. Alizungumza akiwa ameinamia gita. "Nilikosea mafuta. Yale yalikuwa ya milango. Asubuhi yake nililigusa nikajua halijakauka, nikasema litakauka njiani. Nilitaka watu waone linang'aa."

Sukari hakuinua uso. Aliendelea na mswaki kwenye pembe ya chuma, mahali palipokuwa pameshatakata.

"Hata mimi nilijua," alisema. "Nililishika nikajua linanata. Yule mwenzetu wa gita la pili aliniambia, chukua langu. Nikatazama chini nikakuona umekaa pale na koti lako la harusi."

Nilingoja kilio au kitu, kwa kuwa nimezoea kusoma mambo ya namna hiyo, lakini hakikuja. Msasa alikohoa. Sukari alimuuliza kama ana maji ya kunywa, akaambiwa yamo kwenye ndoo pale, akanywa.

Ilipofika zamu ya mafuta, Msasa alikifungua kichupa mwenyewe.

"Kidogo," alisema Sukari.

"Najua kidogo."

"Hicho ni kidogo?"

"Ni tone, bwana!"

"Nipe kitambaa. Nifute mwenyewe."

Akafuta. Alifuta mpaka hakukuwa na kitu cha kufuta, akainusa mbao, akaipitishia kiganja, akakitazama kiganja kuona kama kuna damu, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kujua. Hakukuwa na damu. Ubao ulikuwa mweusi na mzito, wenye mashimo madogo ya vidole vyake kati ya chuma na chuma, mahali ambapo tupa na mswaki havina la kuondoa kwa kuwa si uchafu. Mbao yenyewe ndiyo imeliwa.

Walitia nyuzi, Msasa akazungusha, Sukari akasikiliza. Akapiga sauti chache tu.

"Halina utamu," alisema.

"Lichafue, utarudi."

"Nitalichafua kwa muda gani na umri huu, kaka?"

Msasa aligeukia ukutani kana kwamba anatafuta kitu. Alilibandua tangazo, akalikunja, akalitia kwenye sanduku juu ya patasi.

Waliondoka jua likiwa bado kali. Sukari alisema anataka kwenda kituoni peke yake, Msasa akasema atamsindikiza mpaka kwenye barabara tu. Nilisimama mlangoni. Hawakuwa na shuka ya kulifungia, kwa hiyo gita lilikwenda uchi. Kwanza lilibebwa na Sukari, kisha fimbo ikamshinda, wakabadilishana, kisha mkono wa Msasa ukaanza kutetemeka nalo, wakasimama katikati ya njia kugombana nani alibebe, na watu wakawapita huku na huku na vipokea sauti vyao masikioni. Mbele ya duka la simu, penye muziki wa spika usiokoma, Sukari alichoka akakaa kwenye ngazi. Msasa akakaa kando yake. Mwuzaji alitoka, nadhani kuwaambia wanaziba mlango, akawatazama, akarudi ndani. Gita lilikuwa limelala juu ya magoti yao wote wawili, shingo upande wa mmoja na tumbo upande wa mwingine, na Msasa alikuwa ametoa kitambaa mfukoni anafuta tena ubao uliokwisha kufutwa. Nikaona mdomo wa Sukari unasema kitu. Msasa akaacha kufuta.

Mteja aliniita ndani kwa ajili ya muhuri wake. Nilipotoka, ngazi ilikuwa tupu. Mwuzaji aliniambia wazee wale walipanda basi moja na gita lao. Jioni Msasa hakurudi kufunga, nikamfungia mimi, na siku iliyofuata binti alimtuma mtu kuchukua sanduku.